Mafunzo ya Utaalamu wa Ultrasaundi kwa Mwenye ADHD: Sifa, Haki na Mazingira ya Kazi

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza kila mjamzito afanyiwe kipimo cha ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24 ya ujauzito. Pendekezo hilo halitekelezeki kwa kununua mashine pekee. Linahitaji mtu aliyefundishwa kuishika, kuisoma na kuandika alichokiona. Miongoni mwa vijana wanaoitamani kazi hiyo wamo wenye hali ya upungufu wa umakini na kutotulia, inayojulikana kwa kifupi kama ADHD, na wengi wao hujiuliza iwapo mtu ambaye umakini wake huponyoka anaweza kukabidhiwa dhamana ya namna hii.

Sifa za kujiunga na mafunzo zinazotangazwa na mamlaka za elimu nchini ni za kitaaluma. Mwombaji hupimwa kwa ufaulu wake, na akishaingia chuoni hupimwa kwa umahiri wake. Hata hivyo, mwenye ADHD anapaswa kuijua kazi hii kwa undani kabla ya kuiomba, kwa sababu ina sehemu zinazomfaa sana na nyingine zinazomtega.

ADHD ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo na dalili zake huanza utotoni. Wapo wanaoshindwa kudumisha umakini, wapo wasiotulia na wanaotenda kabla ya kufikiri, na wapo wenye yote mawili. Toleo la 11 la Mwongozo wa Kimataifa wa Uainishaji wa Magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022, linaitambua rasmi. Kwa mtu mzima, kuhangaika kwa mwili mara nyingi hupungua, lakini kusahau miadi, kuacha kazi nusu na kupotewa na muda hubaki. Upo pia upande usiotajwa sana: mtu huyo huyo akikutana na jambo linalomvutia anaweza kuzama humo hadi akasahau kula.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii. Daktari wa magonjwa ya akili au mwanasaikolojia tiba huchunguza historia ya mhusika tangu utotoni, na hupenda kusikia pia kutoka kwa mzazi au mlezi. Huduma za kibingwa za afya ya akili hutolewa, miongoni mwa maeneo mengine, katika Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe jijini Dodoma na Hospitali ya Taifa Muhimbili jijini Dar es Salaam. Ni vema mwombaji akaenda huko kabla ya kuanza masomo na kuondoka na taarifa ya maandishi, kwani chuo hakiwezi kumpa mwanafunzi nafuu ya mitihani kwa maelezo ya mdomo.

Nchini Tanzania, njia ya kawaida ya kuifikia kazi ya ultrasaundi ni kupitia radiografia. Stashahada huchukua miaka mitatu na hupokea wahitimu wa kidato cha nne wenye ufaulu katika masomo yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Kwa ngazi ya shahada, vyuo vinavyotoa mafunzo ya fani hii ni pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS) na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi cha Kikatoliki (CUHAS) kilichopo Bugando, Mwanza. Mwombaji asome miongozo ya udahili ya NACTVET na TCU ya mwaka husika, si nakala ya mwaka uliopita aliyotumiwa kwa simu.

Fizikia haikwepeki. Mwanafunzi hujifunza kwamba sauti husafiri katika tishu laini za mwili kwa wastani wa mita 1,540 kwa sekunde, na kwamba mashine hukokotoa kina cha kiungo kwa muda ambao mwangwi umetumia kurudi. Hujifunza pia kuwa masafa ya juu hutoa picha yenye undani lakini hayafiki mbali, ndiyo maana tezi ya shingo na ini havipimwi kwa kifaa kimoja. Nadharia hii husomwa kwa saa nyingi za kukaa na daftari, na kwa maoni ya mwandishi, mwenye ADHD yuko katika hatari zaidi ya kukwama hapa kuliko katika chumba cha vipimo.

Katika chumba hicho mambo ni tofauti. Mgonjwa hulala, jeli hupakwa ili kuondoa hewa kati ya ngozi na kifaa, mkono mmoja huongoza kifaa, mwingine hubonyeza mashine, na macho hubaki kwenye kioo ambacho picha yake haitulii. Kipimo kimoja huisha kwa muda mfupi, kisha huingia mgonjwa mwingine mwenye tatizo jingine. Kwa mtu anayechoshwa na kazi ya aina moja kutwa nzima, mazingira haya yanaweza kumfaa.

Hatari ipo pembezoni mwa kazi. Picha ya eksirei ikishapigwa, daktari anaweza kuitazama yote upya. Ultrasaundi humwachia daktari kile tu ambacho mpimaji alikipitia na kukihifadhi. Sehemu ya ini isiyopitiwa haimo katika kumbukumbu, na hakuna atakayeiona baadaye. Figo ya kulia ikiandikwa ya kushoto kwa sababu muuguzi aligonga mlango katikati ya kipimo, kosa hilo linaweza kufika hadi chumba cha upasuaji. Kondo la nyuma lililoziba mlango wa kizazi lisipoandikwa kwenye ripoti, mama anaweza kupangiwa kujifungulia kituo kisicho na huduma ya upasuaji wala damu.

Ndiyo maana upimaji hufundishwa kwa mpangilio usiobadilika. Kwa tumbo, mpimaji hupitia kongosho, ini, kibofu cha nyongo, figo zote mbili na wengu kwa mfuatano aliofundishwa. Kwa mjamzito, huanza na idadi ya watoto, mapigo ya moyo na mlalo, kisha kondo la nyuma, maji ya uzazi na vipimo vya kichwa, tumbo na mfupa wa paja. Kanuni hii ni ya wapimaji wote, ila mwenye ADHD ndiye asiyepaswa kuiacha hata siku moja. Akikatizwa, arudi mwanzo wa kiungo alichokuwa akikipima. Aandike jina la kiungo na upande kabla ya kuhifadhi picha, na amalize ripoti kabla ya kumwita mgonjwa anayefuata. Tabia ya kusema “nitaandika baadaye” ndiyo itakayomponza.

Kuhusu haki, Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009 na kutunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Sheria hiyo huangalia jinsi mtu anavyozuiwa kushiriki sawa na wengine, ikiwemo kwa sababu za kiakili, na inakataza ubaguzi katika elimu na ajira. Kuongeza muda wa mtihani si jambo geni nchini, kwani Baraza la Mitihani (NECTA) limekuwa likifanya hivyo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Mwanafunzi mwenye ADHD anaweza kuomba muda wa ziada, chumba tulivu, maelekezo ya maandishi au ruhusa ya kurekodi mihadhara. Maombi yaandikwe mapema kwa ofisi ya mshauri wa wanafunzi, si wiki ya mitihani. Asichoweza kuomba ni kupunguziwa idadi ya vipimo anavyotakiwa kufanya chini ya usimamizi, kwa kuwa mgonjwa naye ana haki yake.

Wanaotumia dawa wafahamu kuwa methilfenidati, mojawapo ya dawa kuu za hali hii, inadhibitiwa na Mkataba wa Kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Itolewe kwa cheti cha daktari, isiazimwe mwanafunzi mwenzako anayekesha, na anayesafiri nayo awe na nyaraka zake.

Baada ya kuhitimu, mtaalamu husajiliwa na baraza la taaluma yake kabla ya kutoa huduma. Kwa ajira za umma, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira huwataka waombaji wenye ulemavu kuuainisha katika mfumo wa maombi. Mwajiri mwenye watumishi 20 au zaidi anatakiwa na Sheria ya mwaka 2010 kuhakikisha asilimia 3 kati yao ni watu wenye ulemavu. Uamuzi wa kuitaja au kutoitaja ADHD ni wa mhusika. Ila anayetarajia kuomba utaratibu maalumu kazini, kwa mfano chumba kisicho na simu ya mapokezi, atarahisisha maombi yake ikiwa taarifa ya daktari imo kwenye jalada lake tangu siku ya kuripoti.