Umbo la Besi ni la Nani?

Mwambie mtoto yeyote wa mjini akuchoree gitaa la umeme. Atachora mwili wenye pembe mbili juu, kiuno kilichobonyea na shingo inayotokeza. Mwambie arefushe shingo na aweke nyuzi nne tu, tayari umepata gitaa la besi. Hajui kwamba amechora mali ya kiwanda. Au tuseme, mali ambayo kiwanda kilidai ni yake kikashindwa.

Tuanze na mzee Leo Fender, fundi redio wa Fullerton, California, ambaye hata kupiga gitaa hakujua. Mwaka 1951 aliingiza sokoni Precision Bass. Kabla ya hapo mpiga besi alisimama nyuma ya bendi akiwa amekumbatia dude la mbao linalompita urefu, na hakuna aliyemsikia vizuri pale tarumbeta zilipopamba moto. Besi ya Fender ilining'inia begani kwa mkanda, ikachomekwa kwenye amplifaya, na vile vyuma vyembamba vilivyopigwa shingoni vikamwonyesha mpigaji noti ilipo. Ndiyo maana ya lile jina: usahihi. Mwaka 1960 ikafuata Jazz Bass. James Jamerson wa Motown alikuwa na Precision yake ya mwaka 1962, na kwa vidole vyake ulimwengu mzima ukajua sauti ya besi inatakiwa iweje.

Mwaka ule ule wa 1951 Fender alionja utamu na uchungu wa alama za biashara. Gitaa lake jingine aliliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikamkumbusha kwamba inauza ngoma zinazoitwa Broadkaster. Mzee hakubishana. Akaamuru jina likatwe kwenye vibandiko vya nembo, na kwa muda magitaa yakatoka kiwandani yakiwa na neno Fender peke yake. Baadaye likaitwa Telecaster. Leo wale waliobahatika kuwa na hayo yasiyo na jina wanayauza kwa bei ya nyumba!

Kwa hiyo alijua kwamba jina lina mwenyewe. Umbo je? Hapo ndipo penye kisa chetu.

Sheria ya Marekani inatofautisha vitu viwili ambavyo sisi mitaani tunavichanganya. Hataza humlinda mvumbuzi kwa muda maalumu. Fender alipata moja mwaka 1960 kwa ule mwili wenye kiuno cha kwenda upande, na wakati huo hataza ilidumu miaka 17, kisha uvumbuzi unakuwa wa watu wote. Alama ya biashara ni kitu kingine. Hiyo haizeeki, mradi mwenyewe anaitumia na anaipigania. Lakini kazi yake ni moja tu: kumwambia mnunuzi bidhaa imetoka kwa nani. Siku watu wakiiona na wasimkumbuke mtengenezaji, bali waone tu "gitaa", imekufa.

Mwaka 1965 Fender iliuzwa kwa CBS kwa dola milioni 13. Wanamuziki wengi wakaanza kulalamika kwamba ubora unashuka. Wajapani wakauona mwanya. Katika miaka ya 1970 Ibanez, Greco, Tokai na wenzao walitengeneza nakala za Fender, za Gibson na za Rickenbacker. Zile za mwanzo zilikuwa vichekesho, lakini kadiri miaka ilivyokwenda jamaa wakaiva, hadi baadhi ya wapigaji wakasema wazi kwamba kopi inampita mwenye mali.

Mwaka 1977 Norlin, wenye Gibson, waliwashtaki wauzaji wa Ibanez huko Philadelphia. Walichogombania ni umbo la kichwa cha gitaa, pale penye vikazio vya nyuzi. Kichekesho ni kwamba Ibanez walikuwa wameshaanza kubadilisha kichwa hicho kabla ya karatasi za mahakama kuwafikia, na pande mbili zikapatana mwaka 1978. Hata hivyo hadi leo wafanyabiashara huita kila gitaa kuukuu la Kijapani "gitaa la kesi" na kuongeza bei, hata kama ni kopi ya besi ya Fender, ambaye katika kesi ile hakuwemo kabisa.

Fender wenyewe walichagua njia nyingine. Mwaka 1982 waliungana na Wajapani wakaanzisha Fender Japan. Ukishindwa kumfukuza mwigaji, unampa ajira.

Miaka ikapita. Mwaka 2003 ndipo Fender wakaomba kusajili michoro ya miili ya Stratocaster, Telecaster na Precision Bass iwe alama zao za biashara. Zaidi ya nusu karne! Watengenezaji 17 wakapinga, na kesi ikabeba jina la Stuart Spector, muunda besi. Tarehe 25 Machi 2009 waamuzi wa ofisi ya hataza na alama za biashara walikataa ombi hilo. Walisema maumbo hayo yametengenezwa na watu wengi kwa miaka mingi mno, mpaka kamusi ikitaka kuonyesha gitaa la umeme inachora la Fender. Sifa hiyo ndiyo iliyowamaliza.

Linganisha na Rickenbacker, kampuni ndogo ya familia huko Santa Ana. Besi yao ya 4001 ilitoka mwaka 1961, nayo ilikopiwa sana na Wajapani. Lakini hawa walisajili maumbo yao, na wanamwandama kila anayeuza kopi, hata mtu binafsi anayenadi ya mitumba. Wapo wanaowaona wana roho mbaya. Mimi nasema walisoma sheria mapema.

Sisi tunaoandika tunaelewa tofauti hii. Kisa cha binti wa tajiri na kijana kapuku hakina mwenyewe, mwandike tu. Kubandika jina la mwandishi mwingine kwenye jalada lako ni jambo la polisi.

Na kwenye besi ndivyo ilivyo. Mwili wa Precision anakata yeyote, kihalali. Jina Fender na umbo la kichwa vimesajiliwa, kwa hiyo kiwanda chenye adabu kikifika juu ya shingo kinachora mkunjo wake na kuandika jina lake. Hiyo ni kopi. Ukikuta mwili ule, kichwa kile, na neno Fender limebandikwa juu ya shingo ambayo haikutoka kwao, hiyo ni feki, na muuzaji analijua hilo kabla yako. Tazama ukingo wa kibandiko kwa makini kabla hujafungua pochi.