Malaika (wimbo)

Malaika ni wimbo wa mapenzi wa Kiswahili kutoka Afrika Mashariki. Msimulizi wake ni kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwoa. Fadhili William (1938–2001), Mkenya, aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 akadai ni wake. Wengine humtaja Mtanzania Adam Salim: inasimuliwa kwamba aliutunga miaka ya 1940 baada ya mpenzi wake kuozwa tajiri. Ubishi huo haujaisha.

Mjini Matuu, kaunti ya Machakos, kando ya barabara ya Thika–Garissa, kilio cha kijana wa wimbo huu asiye na mali ya kuoa hakihitaji mkalimani. Kwa desturi ya Wakamba wa huko, posa hufungwa kwa mbuzi wa ntheo, kwa kawaida watatu. Bila hao, hata kijana mwenye sauti tamu bado ni mgeni tu kwa wakwe.

Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba wimbo wa Malaika katika albamu yao ya 1965. Boney M. waliutoa mwaka 1981, naye Angélique Kidjo mwaka 1991.