Gwaride la Beni

Katika karne ya 19 wachoraji wa Paris walichapa mara nyingi picha ya jambo moja: asubuhi ya Jumatano ya Majivu, watu wenye vinyago wakiteremka kutoka Belleville kwa vigelegele, baada ya kukesha dansini. Waliliita teremko la Courtille. Kanisa laanza mfungo, na wao ndio kwanza watoka karamuni! Lakini sisi wa Kisauni tusiwacheke upesi, maana pwani yetu nayo ilikuwa na gwaride lake, yaani ngoma ya beni.

Jina hilo latokana na neno la Kiingereza la bendi. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, aliifuatia asili yake hadi miji ya pwani, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana walijiunga kwa vyama. Mombasa walikuwako Kingi na Skochi. Walivaa sare, wakapiga ngoma na matarumbeta, wakaenda kwa mwendo wa askari, na wakuu wao wakapewa vyeo vya wafalme na majemadari. Chama kimoja kikifanya karamu, cha pili kilitaka kuishinda, na fedha nyingi ziliteketea.

Wakristo wengine husema kilikuwa kiburi kitupu. Kiburi kilikuwako, hatukatai. Ila tuzitazame tarehe. Misheni ya CMS iliianzisha Freretown, hapa Kisauni, mwaka 1875, iwe makao ya watumwa waliookolewa majahazini. Lakini sheria haikufuta utumwa pwani yetu mpaka mwaka 1907. Basi beni ilipoanza, walikuwako katika mji ule watu ambao bado walikuwa mali ya wenzao. Kwa kijana mwenye asili ya utumwa, kuvaa koti la vifungo na kuitwa jemadari mbele ya mji mzima halikuwa jambo dogo.

Mikali binti Sauli alichungulia dirishani, akamdharau Daudi kwa kucheza kwake. Twadhani wengi wetu tumeitazama beni kwa dirisha lilo hilo.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilipokusanya askari na wapagazi, beni ilifuatana nao hata bara. Maofisa wa serikali wakashtuka, wakachunguza kama ni njama. Huko Malawi ngoma za ukoo huo huchezwa hata leo, na katika ile iitwayo malipenga, mahali pa tarumbeta za shaba watu hupuliza vibuyu.