Nondo-fuvu (Acherontia atropos)

Nondo-fuvu ni mdudu mkubwa wa usiku wa familia ya Sphingidae, oda ya Lepidoptera, ile ile ya vipepeo. Makazi yake ni sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara pamoja na kisiwa cha Madagaska. Kiwavi wake hula majani ya mimea ya jamii ya mnavu, naye mwenyewe akishapata mabawa hutafuta asali. Katika Kivu ya Kaskazini vyote viwili vimo: vilima vya Masisi, ambavyo vingine hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hulimwa viazi mviringo, ambavyo ni vya jamii hiyo ya mnavu, na upande wa magharibi huanza misitu ya mabonde ya Walikale, ambamo nyuki huweka asali katika mapango ya miti.

Carl Linnaeus alimwelezea mwaka 1758 kwa jina la Sphinx atropos. Jenasi Acherontia iliundwa na Laspeyres mwaka 1809, nayo ina spishi tatu tu. Mbili, A. styx na A. lachesis, ni za Asia. Atropos ndiye wa Afrika. Majina yote haya yametoka katika hekaya za Wagiriki kuhusu mauti na kuzimu, na sababu yake ni alama moja: mgongoni, juu ya kifua, pana doa la rangi ya manjano hafifu linalofanana na fuvu la mtu. Kwa doa hilo Wazungu walimwogopa karne nyingi kama mleta mkosi. Woga huo hauna msingi, kwani hana sumu wala mwiba.

Mabawa yakinyooshwa hufikia sentimita 9 hadi 13. Ya mbele ni kahawia iliyoiva, yenye mawimbi meusi na ya manjano, hivyo mchana akitulia juu ya gamba la mti ni vigumu kumtambua. Ya nyuma ni manjano yenye mistari miwili myeusi. Tumbo nalo ni manjano, limekatwa na pingili nyeusi na kupitiwa katikati na mstari wa bluu ya kijivu.

Nondo wengi wa familia hii wana mrija mrefu wa kufyonzea maji ya maua. Wa nondo-fuvu ni mfupi na mgumu, na kazi yake ni kutoboa vifuniko vya nta. Huingia mzingani usiku, akanywa asali katikati ya walinzi. Utafiti uliochapishwa mwaka 1991 ulionyesha jinsi anavyonusurika: ngozi yake ina asidi nne za mafuta zilezile zilizo kwenye mwili wa nyuki, kwa uwiano unaokaribiana, na kwa kuwa nyuki hutambuana kwa harufu, gizani humchukua kuwa mwenzao. Hata hivyo, si kila mara hila hiyo humfaa. Wengine huchomwa na kufia humo humo.

Akishikwa hulia. Wadudu wengi hutoa sauti kwa kusugua viungo, lakini huyu huvuta hewa kooni, ambako kigamba chembamba hutetemeka, kisha huisukuma nje kupitia mrija.

Jike hutaga mayai moja moja chini ya majani. Kiwavi akikomaa hufikia sentimita 12 au 13, akiwa kijani, manjano au kahawia, na mkiani ana pembe iliyojikunja yenye vinundu. Akisumbuliwa hugonganisha taya zake. Mbali na viazi, hula tumbaku, biringanya, mnanaha na hata lantana. Kiazi mviringo ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini. Nondo alikuwapo Afrika kabla yake. Kiwavi mmoja huweza kuuacha mche vijiti vitupu, ila ni nadra kukuta wengi pamoja, kwa hiyo kuwaokota kwa mkono kunatosha. Kwa mkulima wa viazi, ugonjwa wa mildiu ni adui mkubwa zaidi kwa mbali. Akishiba, kiwavi huchimba ardhini na kugeuka bundo la kahawia linalong'aa, ambalo wachimbaji wa viazi hulifukua kwa jembe.

Katika nchi za joto vizazi hufuatana mwaka mzima. Ulaya, baridi kali humwua, na wanaoonekana huko kila kiangazi ni wahamiaji kutoka Afrika na pwani za Mediterania, pamoja na uzao wao. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuata kwa ndege ndogo nondo 14 waliofungwa vipitishi vya redio, wakielekea kusini kupitia milima ya Alps. Walishika njia iliyonyooka hata upepo ulipowapiga kutoka mbele; walipoupata upepo huo, walishuka karibu na ardhi na kuongeza mwendo.