Karamu ya Jioni Juu ya Maji: Historia Inayomhusu Kila Bibi Harusi



Chakula cha jioni ndani ya jahazi kimekuwa sehemu ya mipango ya harusi. Kuna wanaokitaka siku ya pili ya ndoa, wengine wakiwa kwenye fungate, na wapo wanaomkodia bibi harusi chombo kizima pamoja na mashoga zake kabla ya nikaha. Taa za kandili, wali wa nazi, samaki wa kupaka, na mpiga udi pembeni. Dada zetu wa Njombe na Makambako wanaoteremka pwani kuolewa au kupumzika nao wanakitamani, ingawa wapo wanaoambiwa na watu wa nyumbani kwamba hayo ni mambo ya watalii au ya Waarabu, hayawahusu wao watu wa nyanda za juu.

Leo tuitazame historia ya starehe hii. Tutaona kuwa ni ya zamani kuliko watalii, na kwamba watu wa bara wamo ndani yake tangu mwanzo, ingawa kwa muda mrefu hawakukaa mahali pa kula. Walikuwa kwenye makasia.

Maji yanayoteremka kutoka Njombe

Anayeingia mjini Njombe kwa barabara ya Makambako huyaona maporomoko ya mto Luhuji, ambao wengine huuandika Ruhuji. Ni mto wa mawe na maji ya baridi, na hapo hakuna chombo kinachoweza kupita. Lakini ufuate unakokwenda. Unashuka kutoka nyanda za juu hadi bonde la Kilombero, na Kilombero ikikutana na Luwegu ndipo unapozaliwa mto Rufiji, ambao unamwagika baharini ng'ambo ya kisiwa cha Mafia.

Pale unapomwagika pana msitu mkubwa wa mikoko, umeota kwenye tope lililoletwa na mto. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti hapo kupeleka Unguja na mpaka nchi za Ghuba. Nyumba za Mji Mkongwe zimeezekwa kwa boriti hizo, na vyumba vyake vingi ni vyembamba kwa sababu upana wa chumba ulifuata urefu wa mti. Kwa hiyo bibi harusi wa Njombe akilala Mji Mkongwe na kutazama dari, huenda anatazama miti iliyokulia kwenye udongo wa kwao.

Kasri lililojengwa kando ya mto

Unguja haina mto mkubwa, lakini kasri la zamani kabisa la Sayyid Said bin Sultan kisiwani limeitwa kwa jina la mto: Beit el Mtoni, kaskazini ya mji, mahali kijito kinapoingia baharini. Hapo ndipo alipozaliwa Bibi Salme mwaka 1844, binti wa Sayyid Said na suria wa Kicherkesi. Mwaka 1866 aliondoka Unguja, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na ni miongoni mwa maandishi machache yanayotuonyesha maisha ya ndani ya wanawake wa Unguja kwa kalamu ya mwanamke aliyekulia humo.

Anasimulia juu ya ua lililojaa ndege na wanyama, nyumba za kuogea, na roshani iliyotazama bahari ambako baba yake alipenda kutembeatembea. Anasimulia pia jinsi watu wa kasri walivyosafiri kwa mashua kati ya Mtoni na mjini, na jinsi wanawake wa heshima walivyongoja giza liingie ndipo watoke kutembeleana, wakitanguliwa na watumwa waliobeba fanusi kubwa.

Hapa tuangalie jambo moja. Jioni ilikuwa wakati wa wanawake. Mchana walikaa ndani. Usiku uliwapa sitara na nafasi ya kutoka, kuonana, kula na kusikiliza. Mazoea yetu ya shughuli za harusi kuanza baada ya magharibi au isha yana mizizi humo.

Muziki kutoka mto Nili

Mtoto mwingine wa Sayyid Said, Barghash, alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ndiye aliyejenga Beit el Ajaib mwaka 1883, na alipenda muziki. Alikuwa na bendi ya wapigaji kutoka Goa, na inasimuliwa kuwa alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri kujifunza kupiga qanuni. Aliporudi akawafundisha wengine, na hapo ndipo wengi wanapoanzia historia ya taarabu Unguja. Mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa, ambacho kipo hadi leo.

Misri ya wakati ule ilikuwa na karamu zake za mtoni. Matajiri walikodi dahabiya, mashua ndefu zenye vyumba na tanga, wakapanda Nili wakila na kusikiliza wapigaji. Hizi meli za chakula cha usiku zinazong'aa taa mjini Kairo siku hizi, zenye wacheza tanura wanaozunguka na marinda yao ya rangi, zinaendeleza mtindo huo. Kwa hiyo udi na qanuni zinazopigwa jahazini Unguja zina undugu wa kweli na Nili.

Barghash naye alikuwa na meli yake ya fahari, Glasgow, iliyotengenezwa Uingereza na kufika Unguja mwaka 1878. Ilitia nanga mbele ya kasri kwa miaka mingi. Tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza waliipiga mizinga na kuizamisha, katika vita ambavyo havikutimiza hata saa moja. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini mbele ya mji kwa miaka kadhaa, kila mpita njia akiiona.

Nani alishika kasia?

Tunapoyataja makasri na fanusi, mara nyingi tunaishia kwenye uzuri. Lakini waliobeba zile fanusi walikuwa watumwa. Waliopiga makasia, waliopika na waliosafisha walikuwa watumwa. Wengi wao waliletwa kutoka bara, na sehemu kubwa walitoka pande za ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa. Mkoa wa Njombe wa leo, kwa upande wa Ludewa, unagusa ziwa hilo hilo.

Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku Unguja kwa mkataba wa Juni 1873, na soko likafungwa. Utumwa wenyewe uliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini masuria hawakuhusishwa na sheria hiyo. Wao walisubiri hadi 1909. Sisi wanawake tuikumbuke tofauti hiyo ya miaka 12.

Mabadiliko yalionekana mwilini. Mtumwa wa kike alijulikana kwa kaniki na merikani, na hakuruhusiwa kujifunika kama bibi zake. Baada ya kupata uhuru, wanawake hao walinunua kanga za rangi na kuvaa buibui. Leo tunamfunga bibi harusi kanga mpya na kumfunika buibui bila kufikiri. Kwa bibi wa bibi zetu wengine, kujifunika ilikuwa haki waliyonyimwa, na siku walipoweza kuivaa walikuwa wanasema kwa vazi kwamba wao ni watu huru.

Katika watu hao ndipo alipotoka Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880 katika familia ya asili ya utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Alihamia mjini, akafundishwa na mpigaji wa Ikhwani Safaa, na akaanza kuimba taarabu kwa Kiswahili wakati ambapo taarabu ya kasri ilikuwa ya Kiarabu. Mwaka 1928 alipanda meli kwenda Bombay na kurekodi santuri zilizosikilizwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Mtumwa akawa Siti, yaani bibi wa heshima. Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Basi kila wimbo wa taarabu wa Kiswahili unaoimbwa jahazini jioni una deni kwa binti huyo wa Fumba.

Ngoma za wanawake wenyewe

Wanawake hawakungoja kuburudishwa. Walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake ya kupiga vibao vidogo kwa mstari na kwa madaha, yenye vyama, vyeo na ushindani mkali. Mombasa kulikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada. Unguja kulikuwa na vikundi vya taarabu vya wanawake kama Nuru el Uyuni na Sahib el Ari. Walichangishana, wakashona sare, wakazikana na kuozeshana.

Vyama hivyo vilikuwa na nguvu kuliko ilivyodhaniwa. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma kiitwacho Bomba kabla ya kuongoza wanawake wa TANU kuanzia 1955, na alitumia vikundi vya ngoma kuwafikia wanawake wenzake. Uhuru wa Tanganyika una jasho la kina mama waliokuwa wakikutana harusini.

Na unyago, ambao Bi Kidude aliufundisha Unguja hadi uzee wake, akafariki Aprili 2013, umebeba ngoma na mafunzo mengi yaliyoletwa kisiwani na wanawake wa bara. Somo anapomfunda mwari, anatumia elimu iliyovuka bahari kutoka upande wenu.

Jahazi linakuwa ukumbi

Jahazi lenyewe lilikuwa chombo cha kazi. Lilibeba boriti, nazi, tende, chumvi na watu kwa pepo za kaskazi na kusi. Meli za mashine na malori zilipochukua mizigo, majahazi mengi yalikosa kazi, na utalii ulipokua mengine yakageuzwa kuwa meza za chakula. Mombasa, mkahawa wa Tamarind unayo majahazi yanayozunguka hori la Tudor wakati wa usiku huku watu wakila na muziki ukipigwa. Unguja, majahazi hutoka mbele ya Forodhani jua linapozama, mengine yakiwa na wapigaji wa taarabu.

Zipo lawama kwamba burudani hizo zimekatwa vipande kwa ajili ya mgeni, na lawama hizo zina ukweli. Taarabu ya kweli ni ndefu, watu hutunza, wimbo hujibu wimbo. Jahazini unapata nusu saa. Hata hivyo zimewapa mabaharia, mafundi wa mbao na wapigaji riziki, na fundi mwenye riziki humfundisha mwanawe.

Kwa bibi harusi wa Njombe na Makambako

Reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 inaondoka Makambako na kushuka hadi bonde la Kilombero, yanakoteremkia na maji ya Luhuji, ikaendelea hadi Dar es Salaam. Ukija pwani kwa ajili ya karamu yako, njoo kama mtu anayekuja kwenye jambo lake.

Ukikodi chombo, kikodi chote kwa ajili ya wanawake wako, kama walivyofanya waliotangulia. Wapigaji wa kike wapo: Tausi, kundi la taarabu la wanawake watupu, lilianzishwa Unguja mwaka 2009. Uliza mapema kuhusu chakula na vinywaji, kwa sababu vyombo vingi vya watalii huuza pombe. Safari nyingi huondoka kabla ya jua kuzama na magharibi huwakuta majini, basi kubaliana na nahodha mwondoke baada ya sala, au pawe na nafasi ya kusali chomboni. Na malipo ya wapigaji yajadiliwe waziwazi, wapewe na chakula kile kile mnachokula. Zamani waliopiga makasia hawakukaribishwa sinia. Kwenye harusi yako wakaribishe.

Na kama pwani ni mbali au mfuko hauruhusu, usijione umepungukiwa. Kilichowakutanisha kina bibi zetu jioni ni sitara, chakula, wenzao na wimbo wenye maneno ya kumfaa mwari. Vyote hivyo vinapatikana Makambako, ndani ya ukumbi wenye joto, na kina mama wa Kibena, Kikinga au Kipangwa wakiimba nyimbo zao kwa lugha zao. Siti alithubutu kuimba kwa lugha ya watu wake, nanyi mna lugha zenu.

Allah azijaalie ndoa zenu baraka, na awarehemu wote waliotutangulia, waliokaa kwenye mito ya hariri na waliokaa kwenye makasia. Amin.