Bi Julie Manning wa Morogoro na sheria inayomkuta biharusi Bara



Wasichana wa visiwani wanaovuka bahari kuolewa Bara ni wengi, na wako wanaofika Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Tunawafungia kanga, udi na mapambo, na somo anawafunza ya ndani. Ya sheria hakuna anayewaambia. Leo tunaanza na mtoto wa Morogoro mwenyewe.

Bi Julie Manning alizaliwa huko mwaka 1939. Ndiye mwanamke wa kwanza wa Tanganyika kusomea sheria Chuo Kikuu Dar es Salaam, kisha akawa jaji mwanamke wa kwanza wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 Mwalimu Nyerere alimfanya Waziri wa Sheria. Yeye na Bi Tabitha Siwale ndio wanawake wa kwanza kuwa mawaziri kamili nchini. Mwanasheria huyu akakaa Bungeni na wizarani hadi 1983, na Katiba ya 1977 ilipitishwa yeye akiwa waziri.

Alipoingia wizarani aliikuta Sheria ya Ndoa ya 1971, nayo ndiyo inayotuhusu. Haitumiki Zanzibar. Kwetu ndoa na talaka za Kiislamu ziko kwa kadhi, mwenye mahakama inayotambuliwa na Serikali. Bara kadhi hana mahakama ya namna hiyo. Nikah yako inatambuliwa, lakini mgogoro hupelekwa kwanza baraza la usuluhishi, na talaka huthibitishwa mahakamani.

Sheria hiyo inasema mke ana haki ya kumiliki mali sawa na mume. Cherehani ulichokwenda nacho ni chako, na dini yetu imesema hivyo tangu zamani. Nyumba mnayoishi mume haruhusiwi kuiuza bila ridhaa yako. Na hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake.

Mwaka 1983, mwaka aliotoka Bi Manning wizarani, Mahakama ya Rufani iliamua kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilisema kazi za nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgao, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizopewa na mumewe hakuzitumia vizuri. Lakini wanawake waliokuja baada yake wameutumia uamuzi ule.

Anayeolewa Uluguru azingatie na jambo jingine. Waluguru, ambao Waislamu ni wengi kati yao, hufuata ukoo wa mama, na ardhi ya ukoo hupita huko. Shamba analolima mumeo huenda ni la ukoo wa mama yake. Kabla hujatia fedha zako kujenga juu yake, uliza ardhi ni ya nani, na makubaliano yaandikwe mbele ya mashahidi.

Kuuliza si kumtilia shaka mume. Qur'an yenyewe imetuamrisha kuandika madeni. Basi walii anapokwenda kuzungumza mahari, azungumze na haya, na cheti cha ndoa ukiweke mwenyewe pamoja na vitu vyako.

Allah awajaalie maharusi wetu ndoa zenye utulivu na rehema. Amin.