SIKU AROBAINI ZA MZAZI: NANI ALIKUWA ANAFANYA KAZI?

Bismillaahir Rahmaanir Rahiim.



Leo tuingie kwenye historia ya jambo lililomo majumbani mwetu. Mwanamke akijifungua tunasema "yuko arobaini". Kirumba utasikia hivyo, Igoma utasikia, Ukerewe pia. Lakini umewahi kujiuliza, ndugu yangu, hizo siku arobaini zilikuwa zinaendeshwa na nani? Mzazi amelala, haya, maji nani anachota? Nani anakoroga uji? Nani anafua nepi?

Tuanzie mbali. Katika Suratu Maryam (19:23-26) Allah anatusimulia Bi Maryam (alayhas salaam) akiwa na uchungu peke yake chini ya mtende. Tazama alichopewa: neno la kumliwaza asihuzunike, maji chini yake, tende mbivu karibu yake, kisha akaamrishwa asizungumze na mtu siku ile. Yaani hata mzigo wa kuwajibu watu aliondolewa. Na sisi tunajazana chumbani kwa mzazi wa siku mbili tukimuuliza mtoto kafanana na nani!

Njoo Madina. Vitabu vya sira vinamtaja Salma, mke wa Abu Rafi', aliyekuwa mkunga. Ndiye aliyempokea Ibrahim, mwana wa Mtume (Swalla Allaahu alayhi wa sallam) kwa Bi Mariya, mwaka wa 8 Hijria, na mumewe akakimbia kupeleka bishara. Kazi hii ilikuwa na watu wake wanaojulikana kwa majina, wala haikuwa kazi ya aibu.

Ama hiyo hesabu ya arobaini, msingi wake ni hadithi ya Ummu Salama (radhi za Allah ziwe juu yake), kwamba wenye nifasi zama za Mtume walikuwa wakikaa siku arobaini. Imepokewa na Abu Daud na Tirmidhi. Hapa dada zangu nisikilizeni vizuri, kwani wengi wanachanganya. Hukumu ya swala inafuata damu. Damu ikikatika siku ya ishirini, unaoga na unaswali, husubiri arobaini. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i damu ikiendelea inahesabiwa nifasi mpaka siku sitini. Kupumzika ni jambo jingine. Mwili haujapona kwa sababu tu damu imekatika.

Sasa turudi kwetu. Mzee Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapwa Ujerumani mwaka 1903, alianza na habari za uzazi kabla ya mambo mengine. Kabla yake, mwaka 1886, Sayyida Salme binti wa Sayyid Said wa Zanzibar alitoa kumbukumbu zake, akaeleza jinsi mtoto wa jumba la kifalme alivyolelewa siku za mwanzo na kunyolewa nywele siku ya arobaini. (Sunna ni siku ya saba, hiyo ya arobaini ni mila.) Lakini soma vizuri uone ni nani walio chumbani: wajakazi. Katika nyumba za matajiri wa pwani, mapumziko ya bibi yalibebwa na mgongo wa mwanamke mwingine ambaye naye alizaa, na sidhani kama yeye alipewa arobaini kama ile. Tusiifiche historia hii. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897 na Tanganyika mwaka 1922. Kwa maskini walio wengi kazi ile ilifanywa na mama mzazi, bibi, shangazi, wifi na jirani. Mmoja anakanda, mmoja anapika uji wa pilipili manga, mmoja anambeba mtoto ili mama alale.

Huku Ziwani Uislamu ulikuja na misafara iliyopitia Tabora. Stanley alipofika Kageyi mwaka 1875 aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili wamekwishaweka makazi. Kisha reli kutoka Tabora ikafika Mwanza mwaka 1928, mji ukajaa wageni. Na mgeni, ndugu yangu, huja na mila zake, lakini bibi yake humwacha kwao!

Hapo ndipo tatizo lilipo. Binti wa Ujiji amepanga chumba Buhongwa. Mama yake yuko mbali, nauli hakuna. Mumewe ni mvuvi wa dagaa, giza likiingia yuko kambini visiwani na taa zake. Sheria ya kazi inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, na 100 akizaa pacha, na baba siku tatu. Lakini muuza samaki ana mwajiri gani? Tunamwambia "usitoke nje, uko arobaini", halafu tunamwachia ndoo. Tumebakiza katazo, huduma tumeiondoa.

Wamarekani nao waliyaona haya. Mwaka 1973 mwanazuoni wa mila za watu, Dana Raphael, aliandika kitabu kuhusu kunyonyesha na kuwaita wanawake wanaomsaidia mzazi "doula". Ni neno la Kigiriki, na asili yake, subhaanallah, ni mjakazi. Leo huko ni kazi ya ujira, mtu anajifunza, anakuja nyumbani, analipwa.

Je, kwetu ni anasa? Fungua Minhaj ya Imamu Nawawi, mlango wa matumizi ya mke. Anasema mwanamke ambaye kwa desturi anajihudumia mwenyewe, akihitaji kuhudumiwa kwa ajili ya maradhi, ni wajibu apatiwe mtumishi. Mzazi aliyepasuliwa juzi, mimi namwona yuko karibu na mgonjwa kuliko mzima.

Na anayekuja kusaidia awe na macho. Mshono wa upasuaji haukandwi kwa maji ya moto. Damu ikitoka nyingi, homa, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, degedege: hospitali haraka, usiku uwe usiku. Mama anayelia kila siku, halali hata mtoto akilala, au anasema afadhali afe, msimwambie ana imani haba. Huo ni ugonjwa na una tiba. Afya wanataka mzazi aonwe tena siku ya pili au ya tatu, wiki ya pili na wiki ya sita, basi msindikizeni.

Akina mama wa misikitini, kwenye msiba mnakwenda na masufuria, mnapika siku tatu bila kuombwa. Mpangilio huohuo upelekeni kwa mzazi, zamu kwa zamu. Na wewe mvuvi, kabla mwezi haujafa na mtumbwi haujaondoka, mtafute mama mmoja mtaani, mkubaliane ujira, umlipe nusu mkononi.

Wallaahu a'lam.